“Niliteleza Bafuni”

Mwanamke amekaa kwenye kiti cha plastiki. Mkono wa kushoto ameupakata kwa mkono wa kulia, na kanga imeshuka mpaka kwenye viganja. Mbele yake yuko mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne, koti jeupe limenyooshwa kwa pasi. Pembeni amekaa mwalimu na karatasi ya alama. Mwanamke haumwi. Ameajiriwa kuigiza ugonjwa, na chumba hiki ni kituo kimojawapo cha mtihani wa vitendo. Dakika 8, kisha kengele.

“Niliteleza bafuni,” anasema.

Mwanafunzi anaupapasa mkono taratibu, vizuri kabisa. Anagundua kwamba panapouma ni katikati ya kigasha, kwenye mfupa wa upande wa kidole kidogo. Anakumbuka mhadhara.

“Mama, kuna mtu amekupiga?”

“Hapana, niliteleza.”

“Una uhakika?”

“Niliteleza, daktari.”

“Mama, sema ukweli. Ukinificha siwezi kukusaidia.”

Mwigizaji anafanya kama maelekezo yake yanavyosema: akiulizwa mara ya tatu, akiri. Anainamisha kichwa. “Ni mume wangu.”

Alama zote. Kwenye karatasi imepigwa tiki mbele ya neno moja: amegundua.

Tiki hiyo imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Kwenye maelezo ya kituo kilekile kulikuwa na mstari usioulizwa na mtu: mgonjwa ameletwa na shemeji yake, na shemeji amesimama nje ya pazia.

Kiganja kisicho na mchubuko

Kuna sehemu ya somo hili, la kumtambua na kumhudumia mwanamke anayepigwa na mwenzi wake, tunayoifundisha vizuri, na lazima niiseme kwa haki yake.

Mtu anayeteleza hutanguliza mikono. Ndiyo maana majeraha ya kuanguka hukaa viganjani, kwenye viwiko, magoti na miundi, na mfupa ukivunjika mara nyingi ni wa karibu na kifundo cha mkono. Anayejikinga kichwa huinua kigasha, na pigo huangukia mfupa wa upande wa kidole kidogo, katikati yake, huku mfupa wa pili ukibaki mzima. Kwa hiyo anayesema aliteleza, ana mvunjiko wa namna hiyo kwenye eksrei, na viganja vyake havina hata mkwaruzo, anastahili kuulizwa swali la pili.

Mengine yanakwenda hivyohivyo. Kofi likitua sikioni linaweza kutoboa ngoma ya sikio. Alama ndogo za mviringo upande wa ndani wa mkono, chini ya kwapa, mara nyingi ni za vidole vilivyoshika kwa nguvu. Ni nadra mtu kujigonga hapo kwa bahati mbaya. Fimbo au waya huacha mistari miwili inayokwenda sambamba na katikati ngozi imebaki na rangi yake. Kwa mjamzito, tazama tumbo na matiti. Na rangi ya mchubuko isitumike kusema umetokea lini. Hata wazoefu hukosea, na mahakamani kosa hilo linaweza kuangusha ushahidi wote.

Shingo ndiyo tunayoipita haraka, na ndiyo inayoua.

Mwanamke aliyekabwa anaweza asiwe na alama yoyote ya nje. Anakuja na sauti iliyokwaruza, au anasema chakula hakipiti vizuri, au alijikojolea na anaona haya kulisema. Ukivuta kope ya chini unaweza kuona vidoa vyekundu vidogo kama ncha ya sindano. Mshipa wa shingo uliochanika kwa ndani unaweza kuleta kiharusi siku kadhaa baadaye, wakati ameshapewa panadol na kurudi nyumbani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake alikuwa kwenye hatari ya kuuawa na mwenzi huyo takriban mara 7 zaidi. Wengi hawalitaji jambo hili wenyewe, kwa kuwa kwao kilichouma zaidi ni ngumi. Inabidi liulizwe kwa neno lake: “Aliwahi kukukaba, au kukubana pumzi?”

Haya yote mwanafunzi anaweza kuyasoma usiku mmoja na kuyajibu kesho yake. Hayo hayakunisumbua.

“Habari za nyumbani?”

Udaktari wetu unasomwa kwa Kiingereza na kufanywa kwa Kiswahili. Maswali mwanafunzi ameyakariri katika lugha ambayo mgonjwa wake wa wilayani hataulizwa nayo kamwe. Akifika wodini anatafsiri papo kwa papo, na tafsiri ya papo kwa papo huangukia palipozoeleka zaidi, yaani kwenye salamu.

“Habari za nyumbani?”

“Nzuri.”

Kwetu jibu la salamu halichaguliwi. Aliyefiwa jana ataanza na “nzuri,” ndipo aongeze, “ila tuna msiba.” Anayepigwa ataishia kwenye “nzuri,” na mwanafunzi ataandika kwamba ameuliza.

Kisha kuna umri. Binti wa miaka 23 anaingia, anasema “shikamoo mama,” anaitikiwa “marahaba mwanangu.” Kwa maneno hayo mawili wameshapangana: huyu mzazi, huyu mtoto. Sasa mtoto amuulize mzazi mambo ya chumbani kwake? Ugumu huu haumo kwenye vitabu vinavyotoka nje, na mimi naona ndio ugumu wenyewe. Mwanafunzi hanyamazi kwa sababu hajui. Ananyamaza kwa sababu amelelewa vizuri.

Dawa yake ni adabu hiyohiyo. Anaomba ruhusa kwanza, anaonyesha kwamba swali si la mgonjwa huyu peke yake, kisha anataja matendo:

“Samahani mama, nina swali ambalo huwa tunawauliza wengi wanaokuja na maumivu kama haya. Wakati mwingine mtu wa karibu humpiga mwenzake, au humsukuma, au humtisha. Kuna yeyote anayekufanyia hivyo?”

Neno “ukatili” halimo kwenye swali hilo, kwa makusudi. Wanawake wengi hawayaiti yanayowapata ukatili. Wanayaita ugomvi, kukorofishana, mambo ya ndani. Muulize kama anafanyiwa ukatili naye atasema hapana bila kudanganya. Mtaje mume kwa jina analomtajia yeye mwenyewe. Akisema “baba Zawadi,” sema baba Zawadi, lakini usimwanzishie “baba yuko wapi?”, maana umeshampa huyo mtu heshima ambayo mgonjwa itabidi aivunje ndipo akujibu.

Na kuna kauli moja inayotoka bila nia mbaya, nayo inaharibu kila kitu: “Ilikuwaje mpaka akakupiga?” Mwanafunzi anadhani anachukua historia. Mgonjwa anasikia anaulizwa alikosa nini. “Nini kilitokea?” inatosha.

Pazia

Pazia linazuia macho. Masikio halizuii.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2013, halikupendekeza kumuuliza kila mwanamke katika kila huduma. Linataka aulizwe mwenye dalili au hali zinazotia shaka, na kabla ya hapo pawe na faragha, mhudumu aliyefunzwa, na mahali pa kumpeleka. Mwanzoni mwongozo huo ulinikera. Niliuona kama woga. Hapa kwetu, utafiti wa shirika hilohilo uliotolewa 2005 ulionyesha kwamba kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 mkoani Mbeya walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi. Kwa takwimu kama hizo, kwa nini tusiulize wote?

Kisha fikiria shemeji nje ya pazia.

Anasikia swali la kwanza, la pili, la tatu. Anasikia jibu. Usiku huohuo jibu limefika nyumbani kabla ya plasta (P.O.P) ya mkono kukauka. Mwanafunzi amepata alama zake, na mwanamke anayelipa ni yule atakayeulizwa baadaye na mwanafunzi huyuhuyu, safari hiyo akiwa daktari na mgonjwa akiwa wa kweli.

Kwa hiyo kabla ya swali, mwanafunzi ajifunze kumtenga mgonjwa bila kuzua maswali. Msindikizaji atumwe dirishani kulipia au kufuatilia faili. Mgonjwa apelekwe kupimwa uzito, au kutoa mkojo, au kwenye chumba cha vidonda, na sista aende naye. Msindikizaji akiwa mwanamke haina maana pako salama. Anaweza kuwa mama mkwe au wifi. Mtoto aliyevuka miaka 2 asiwepo, kwa kuwa atakwenda kusimulia akiulizwa, na hata asipoulizwa. Mtoto asitumike kutafsiri kilugha.

Pasipopatikana faragha, usiulize. Mpangie kurudi kuangaliwa mkono, na uandike kwenye faili kwamba hajaulizwa. Mwanafunzi anahitaji kusikia kwa mdomo wa mwalimu wake kwamba kutouliza wakati mwingine ndiyo kazi nzuri.

Baada ya “ndiyo”

Hapa ndipo wengi wanakwama. Amesema ndiyo. Kimya. Mwanafunzi anaangalia kalamu.

“Pole sana mama,” anasema, kisha anarudi kwenye faili.

Pole ni neno la utu, na sijui lugha nyingi zilizobahatika kuwa nalo. Ila lina kazi mbili: hufungua mazungumzo, na huyafunga. Unampa mtu pole pale barabarani na unaendelea na safari yako. Chumbani kwa daktari ni lazima pole ifuatwe na kitu. Kwanza anyamaze kidogo. Halafu: “Nakuamini. Hili si kosa lako.” Mwanafunzi aseme kwa sauti, mara tano, mpaka sentensi hiyo iache kumkwama kooni. Akiambiwa “lakini ni mume wangu,” ajue kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iwe imesema nini. Sheria hiyo ni ya miaka ya bibi zao.

Kisha: “Kwa sasa unachohitaji zaidi ni nini?” Mwanafunzi anategemea kusikia polisi. Mara nyingi ni nauli. Ni mtoto aliyeachwa kwa jirani. Ni dawa ya maumivu ili kesho aweze kwenda sokoni. Hayo ndiyo ya kuanza nayo.

Usalama unaulizwa kwa maswali machache ya moja kwa moja. Miezi 6 hii kipigo kimezidi? Aliwahi kushika silaha au kukutishia nayo? Aliwahi kukukaba? Aliwahi kukupiga ukiwa mjamzito? Wivu wake ni mkali na haupumziki? Wewe mwenyewe unaamini anaweza kukuua? Majibu ya ndiyo yakifika 3, hatari iko karibu, na asiondoke kabla hajazungumza na afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Hata akichagua kurudi nyumbani, panga naye: usiku akikimbia atakimbilia kwa nani, hela ya bodaboda iko wapi, kitambulisho na kadi za kliniki za watoto amezificha kwa nani. Namba ya simu isiandikwe kwenye kadi inayosomwa nyumbani. Kama simu yake hukaguliwa, namba ihifadhiwe kwa jina lisilotia shaka, au aikariri.

Akiwa amelazimishwa tendo la ndoa, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72 na zitumike siku 28. Levonorgestrel, dawa ya dharura ya kuzuia mimba, miligramu 1.5, mara moja, ndani ya siku 5, na mapema ni bora. Zuia magonjwa ya zinaa. Wanafunzi wengine hudhani kwa kuwa ni mume, hakuna cha kutibu. Na ni kweli kwamba sheria ya jinai ya Tanzania Bara haimhesabu mume kuwa mbakaji ila kama wametengana. Lakini virusi havisomi cheti cha ndoa. Haki yake ya kutibiwa ni ileile, na tiba ya dharura haisubiri PF3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa majeraha.

Na yapo ya kutofanya, ambayo kila kundi hujaribu angalau mara moja. Kumwambia “mwache tu,” wakati siku za kuondoka ndizo hatari kuliko zote. Kumpigia mume simu ili wasuluhishwe. Kumwambia avumilie, ndoa ndivyo zilivyo. Kwenda polisi kwa niaba ya mtu mzima ambaye hajakubali. Kwa mtoto ni tofauti. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka anayejua atoe taarifa.

Kalamu

“Alinishika nywele akanigongesha kwenye fremu ya mlango.”

Hayo ni maneno ya mgonjwa. Kwenye faili, kwa Kiingereza, yanageuka neno moja linalomaanisha shambulio. Mbele yake huwekwa lingine linalomaanisha “anadai,” kwa mazoea tu, kama vile hakuna anayedai kuumwa kichwa.

Yaandikwe kwa Kiswahili chake, ndani ya alama za nukuu, katikati ya Kiingereza cha faili. Sijui kanuni inayokataza. Kisha kipimo: “michubuko 3 ya mviringo, kila mmoja sentimita 1 hadi 1.5, upande wa ndani wa mkono wa kulia, sentimita 9 juu ya kiwiko.” Mchoro wa mwili, mbele na nyuma, wenye alama. Na kisichokuwepo kiandikwe pia: “viganja na magoti havina michubuko.” Mstari huo mmoja, miezi mingi baadaye, unaweza kuwa ndio pekee unaojibu hoja ya kuteleza.

PF3 hujazwa kutoka kwenye faili. Faili likiwa tupu, daktari aitwaye mahakamani atakumbuka nini?

Darasani

Chumba cha wanafunzi 100 ni kipande cha jamii. Kwenye utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2015/16, asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya zilizotajwa, mfano kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Koti jeupe halifuti hayo. Humohumo darasani wamo waliokulia kwenye kipigo, na wanaopigwa sasa na wachumba wao.

Kwa hiyo somo litangazwe wiki moja kabla. Mlango uwe wazi, anayetoka asiulizwe. Mwanafunzi asipangiwe kuigiza aliyepigwa. Iwe kazi ya mwigizaji aliyeandaliwa, au sista mzoefu aliyekubali. Vikundi vya watu 8, mmoja anauliza, wengine wanatazama kimoja tu kila mtu: nani yuko ndani ya usikivu, neno gani limelaumu, sekunde ngapi zimepita baada ya “ndiyo.” Saa mbili zinatosha kuanzia. Mhadhara wa picha za majeraha usomwe nyumbani.

Nina shaka, lakini, na imani kwamba mafunzo peke yake yanatosha. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya 2021 yaliona kwamba mafunzo yanaweza kuboresha mtazamo na maarifa ya wahudumu. Ushahidi kwamba hali ya wanawake wenyewe inabadilika ulikuwa mdogo. Jaribio lililonipa matumaini ni la Uingereza, London na Bristol, lililochapishwa 2011. Vituo vya afya 24 vilipewa mafunzo, kikumbusho ndani ya kompyuta ya faili, na mtu mmoja mwenye jina na simu, ambaye kazi yake ni kuwapokea wanawake hao. Vingine 24 havikupewa. Baada ya mwaka, vya kwanza vilikuwa vimeandika rufaa 223 za kuwapeleka kwa watetezi wa aina hiyo. Vya pili, 12.

Naamini ni yule mtu mwenye simu. Mwanafunzi anaogopa kuuliza kwa sababu hajui jibu atalipeleka wapi.

Kituo kipya

Tubadilishe karatasi ya mtihani.

Mwanamke yuleyule, kigasha kilekile, shemeji nje ya pazia. Safari hii maelekezo ya mwigizaji yanasema: akiulizwa vyovyote vile, asikiri. Aliteleza bafuni mpaka kengele ilie.

Alama zinakwenda kwa aliyemtuma shemeji dirishani. Kwa aliyeuliza mara moja, kwa adabu, akapokea “hapana” bila kubishana. Kwa aliyeuliza shingo. Kwa aliyeandika viganja vitupu. Na kwa aliyemalizia hivi: “Sawa mama. Mkono tutauangalia tena baada ya siku 7. Siku hiyo, au siku yoyote, kukiwa na jambo lolote la nyumbani unalotaka kuzungumza, niulizie mimi au sista, utaingia peke yako.” Anayembana mpaka alie anafeli.

Kisha kazi ya nyumbani, kabla ya kuanza intanshipu. Kila mmoja aende hospitali aliyopangiwa, atafute afisa ustawi wa jamii ana chumba gani, na kama kuna kituo cha mkono kwa mkono, yaani mahali pamoja pa kupata tiba, polisi na ustawi wa jamii. Apige namba ya dawati la jinsia aone kama inapokelewa. Aulize swali moja ambalo majibu yake hutofautiana sana kutoka wilaya hadi wilaya: akija mwanamke Ijumaa saa 4 usiku, ofisi zimefungwa tangu saa 9:30 alasiri, hapa nani anaitwa, na mgonjwa analala wapi?

Alete jina na namba. Asiyeipata aandike kwamba haipo, na apeleke karatasi hiyo kwa mganga mfawidhi.